Nimechoka Kujitolea, Lakini Watoto Wananisubiri Mlangoni

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 23. Naomba jina langu lisitajwe, kwa kuwa mama yangu ni msomaji wako na sitaki ajue kwamba mambo ya nyumbani nimeyaleta huku kabla ya kuyamaliza naye.

Miaka mitatu iliyopita, tukiwa likizo ya chuo, vijana sita tulikubaliana kuwafundisha kusoma watoto wa majirani. Walikuwepo watoto wa darasa la tatu na la nne wasioweza kusoma hata sentensi moja. Wazazi wao walisema madarasa yamejaa mno, mwalimu hamfikii kila mtoto. Mzee mmoja mstaafu akatuazima chumba chake cha nje. Tukachanga, tukanunua ubao na chaki, tukakusanya vitabu vya hadithi vilivyokuwa vimelala majumbani. Tulianza na watoto tisa, kila Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi.

Leo watoto ni 28. Kati yetu sisi sita nimebaki mimi na mwenzangu mmoja anayekuja akipata nafasi, na nafasi haipati mara nyingi. Wawili walipata kazi mbali, mmoja aliolewa, mmoja aliacha tu, hata kuaga hakuaga.

Sitaki uone kwamba nimekuja kulalamika, kwa hiyo nikueleze na uzuri wake. Kuna mtoto wa miaka tisa, nitamwita Kifutio, kwa sababu kazi ya kufuta ubao ni yake na hakubali mwingine aiguse. Alipokuja hakuijua hata herufi ya kwanza ya jina lake. Siku moja tukawa tunasoma majina ya vitu vya nyumbani, nikaandika "mlango". Akatamka m, akanyamaza. Akasema mla, akarudi nyuma, midomo inacheza bila sauti, halafu akalitoa lote kwa mpigo: mlango! Hata hakunitazama. Alinyanyuka, akaenda mpaka mlangoni, akaugusa kwa kiganja kama mtu anayehakikisha, kisha akarudi kukaa. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Sasa tatizo langu. Nilimaliza chuo mwaka jana na mpaka leo sina kazi. Kaka yangu mkubwa ndiye anayeibeba nyumba, na hajawahi kunisimanga, lakini naona anavyochoka. Mama yeye husema wazi. Juzi aliniambia, "Unawasha taa za watu, yetu inazimika." Neno hilo lilinichoma. Na ajabu ni kwamba mama huyo huyo kila jioni huvuka kwa jirani yetu mwenye kiharusi kumgeuza kitandani na kumbadilishia mashuka, na hakuna anayemlipa.

Kaka amenitafutia kazi ya mauzo kwa rafiki yake. Ni Jumatatu hadi Jumamosi, mshahara si mkubwa ila ni wa uhakika. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Wakati huo huo shirika moja limeniomba niwe "mratibu wa kujitolea" kwao. Walitufahamu mwaka jana, siku chache kabla ya tarehe 5 Desemba, ile siku ya kimataifa ya wanaojitolea, walipokuja na fulana, wakawavisha watoto na kupiga picha. Wanataka nifanye kazi siku tano kwa wiki, mwaka mzima, bila malipo isipokuwa nauli, "halafu tutaangalia uwezekano wa ajira." Kikundi chetu kitakuwa chini yao, nao wataleta vitabu na madawati. Moyo wangu ulielekea huko, mpaka mama yake Kifutio aliponijia na kijarida chao mkononi. Picha ya mwanawe iko ukurasa wa mbele, imeandikwa kwamba ni mtoto aliyekosa mwelekeo. Akaniuliza, "Mwanangu, hawa wamemwomba nani ruhusa?" Sikuwa na jibu.

Ninalo jambo lingine la kukiri. Mwezi uliopita, Jumamosi moja, niliamka nikashindwa. Sikuwa mgonjwa. Nilizima simu nikarudi kulala mpaka adhuhuri. Baadaye mzee mwenye chumba aliniambia watoto walikaa mlangoni kwa muda wa karibu saa mbili, Kifutio akiwa ameshika kifutio chake. Tangu siku hiyo nikiwatazama naona haya. Najiuliza kama huu kweli ni moyo wa kusaidia au nimezoea kusifiwa tu, maana nikituma picha zetu mtandaoni watu hunipongeza, na pongezi nazipenda.

Nikichukua kazi, je, nitakuwa nimewasaliti? Nikienda kwenye shirika, nitakuwa nimeisaliti nyumba? Na kijana mwenye kazi ya siku sita anaweza kweli kuwa na faida kwa watu wake, au ndiyo basi tena?

Ni mimi,
Niliyechoka ila sitaki kuacha

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ile Jumamosi, kwa sababu umeiweka mwishoni mwa barua kama mtu anayesukumia kitu chini ya mkeka. Miaka mitatu, mara mbili kwa wiki, watoto tisa wamekuwa 28, vijana sita wamekuwa mmoja na nusu. Mwili uliogoma asubuhi moja haujakufichulia moyo mbaya. Umekuambia kwamba mzigo wa watu sita unabebwa na bega moja. Aibu unayoiona ninaielewa, na sitakuambia haina msingi, kwani watoto kweli walikaa mlangoni kwa saa mbili. Ila nitazame nawe kilichokosekana siku ile. Kupumzika kulikuwa haki yako. Kilichokosekana ni njia ya kuwajulisha: mzazi mmoja wa kupigiwa simu, au mzee wa kubandika karatasi pale mlangoni yenye maneno matatu, "Leo hakuna somo." Fikiria, mwanangu. Watoto wako wangeisoma wenyewe.

Sasa nirudie ulichoniandikia, unisahihishe nikikosea. Unao watoto unaowapenda na wanaokutegemea. Unayo nyumba iliyokulea na sasa inakutazama wewe. Na zimekuja nafasi mbili kwa pamoja, moja ina mshahara ila inakula Jumamosi, nyingine ina jina zuri la huduma ila haina mshahara. Haya yote umeyafunga kitita kimoja na kukiandika usaliti, ili upande wowote utakaoshika uwe umemkosea mtu. Naomba tukifungue kitita hicho polepole, kwa sababu nadhani ndani yake kuna vitu visivyo vya jamii moja.

Tuanze na neno lenyewe, kujitolea. Siku hizi tumelitwika mizigo miwili. Wa kwanza ni ule wa asili: mtu anatoa muda wake na nguvu zake kwa hiari, kwa ajili ya wengine, naye ana pengine pa kupatia riziki au ana watu wanaomshika mkono. Wa pili umezaliwa na ukosefu wa ajira: kijana anafanya kazi kamili ofisini, anaingia asubuhi anatoka jioni, halipwi, anasubiri siku atakayoambiwa "karibu sasa kwenye ajira." Tunaviita kwa jina moja, na kijana akinung'unika katika hicho cha pili anaonekana hana moyo katika cha kwanza. Shirika la Kazi Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 wa kupima kazi za kujitolea, limeeleza kwamba ni kazi isiyo na malipo wala shuruti, ambayo mtu huwafanyia wengine wasio wa nyumba yake, ama kupitia shirika ama moja kwa moja. Yashike maneno hayo mawili, bila shuruti. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki kwa sababu anaogopa kwamba akiondoka atapoteza ahadi ya ajira, ana hiari kiasi gani? Nakuuliza wewe, kwa sababu ni wewe utakayekuwa umekaa kwenye kiti hicho.

Na ulione hili pia. Umoja wa Mataifa una mpango wake wa wanaojitolea, ulioanzishwa na Baraza Kuu mwaka 1970, na ni Baraza hilo hilo ambalo mwaka 1985 liliitenga tarehe 5 Desemba, siku ile ambayo wageni wenu walikuja na fulana siku chache kabla yake. Wale wanaopelekwa vituoni chini ya mpango huo hupewa posho ya kujikimu. Haiitwi mshahara, lakini mtu anapanga chumba na anakula. Wanaoutumikia ulimwengu kwa jina la kujitolea wameona kwamba anayetoa siku zake zote lazima naye aishi. Kwa hiyo ukiuliza habari ya posho kwenye shirika hilo, usidhani unaichafua nia yako.

Sikuambii uwakatalie. Zipo taasisi ndogo zisizo na fedha kweli, zenye watu waadilifu, na kijana akikaa humo mwaka mmoja anatoka na ujuzi ambao asingeupata darasani. Vitabu na madawati si jambo dogo kwa watoto 28. Ila kabla ya kusema ndiyo, ningependa uwatafute vijana wawili waliowahi kukaa katika nafasi hiyo kabla yako. Uwaulize walifanya nini hasa, na ilipofika mwisho wa mwaka ni wangapi walioajiriwa. Jibu lao litakuwa na uzito kuliko "tutaangalia uwezekano." Uombe pia makubaliano ya maandishi: saa za kazi, tarehe ya mwisho, nani anakusimamia, ukiumia ukiwa kazini itakuwaje, na kama watakuandikia barua ya kukutambulisha ukiondoka kabla ya mwaka. Wakikasirika kwa kuulizwa hayo, hapo nawe utakuwa umejifunza jambo.

Kuhusu picha ya mtoto nitakuwa mkali kidogo, uniwie radhi. Mtoto wa miaka tisa kuwekwa ukurasa wa mbele na kuandikwa kwamba amekosa mwelekeo, bila mama yake kuulizwa, ni kosa. Huyo ndiye mtoto aliyesoma "mlango" akaenda kuugusa! Atakua. Karatasi ile inaweza kumfikia akiwa na miaka 15, mbele ya wenzake. Waendee watu wa shirika, uwaombe wakiondoe kijarida kile, uwaambie kwamba kuanzia sasa hakuna picha bila ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Na utakapokuwa umewaambia wao, zitazame na zile unazozituma wewe mtandaoni. Sikusuti. Najua zimejaa furaha. Lakini swali la mama yake Kifutio, "wamemwomba nani ruhusa," linatuhusu sote tunaofanya kazi na watoto wa watu. Unaweza kupiga picha ya mikono juu ya kitabu, au ya ubao wenye neno jipya, na furaha ikabaki pale pale.

Nije kwenye hofu yako kubwa, kwamba ukipunguza nguvu kila kitu kitakufa. Huenda ni kweli. Lakini nani amekuambia kwamba kikundi kile ni chako wewe? Ruhusa nikupe kisa. Mwezi Juni 1859, kijana mfanyabiashara wa Uswisi aitwaye Henry Dunant alikuwa njiani kumtafuta Mfalme Napoleon III wa Ufaransa kwa shida za biashara yake. Alikuwa na miaka 31. Akafika karibu na Solferino, kaskazini mwa Italia, siku ya vita iliyoacha makumi ya maelfu ya watu wamekufa na kujeruhiwa. Biashara akaiweka kando. Katika mji wa jirani, Castiglione, alishirikiana na wanawake wa pale kuwaosha na kuwanywesha majeruhi waliolazwa makanisani, wa jeshi hili na lile bila kubagua, na wanawake wale walikuwa wakisema, "Wote ni ndugu." Alirudi nyumbani na wazo kwamba kila nchi iwe na watu wa kujitolea waliofunzwa mapema, wakati wa amani. Mwaka 1863 walikaa watu watano mjini Geneva kulianzisha jambo hilo, na ndiko lilikotoka Shirika la Msalaba Mwekundu.

Kisa hiki husimuliwa mpaka hapo, lakini mimi nakutaka usikie na kinachofuata. Biashara zake zilimfia. Mwaka 1867 alifilisika, akatoka Geneva, akaishi miaka mingi katika ufukara, kiasi kwamba dunia ilimsahau. Mwaka 1901 ndipo alipopewa, pamoja na Frédéric Passy, Tuzo ya Nobeli ya Amani ya kwanza kabisa. Katika miaka yote ile ambayo mwanzilishi alikuwa hana kitu wala nafasi, kazi iliendelea kukua, kwa sababu ilikuwa imeshapita kwenye mikono ya wengine. Sikukuletea kisa hiki ili ufuate nyayo zake, wala ili uogope kufilisika. Nimekuletea kwa sababu ndani yake naona maswali yako yote mawili: mtu anaweza kutoa mpaka akabaki mtupu, na kazi inaweza kuishi bila aliyeianzisha. Kwako wewe kazi ilianza na watu sita, na kila aliyeondoka hakujazwa nafasi yake. Je, mmewahi kuwaita wazazi wa hao watoto 28 mkakaa pamoja? Barua yako inamtaja mzazi mmoja tu, na huyo alikuja akiwa na malalamiko, ambayo kwangu ni dalili nzuri, kwamba yupo mtu anayejali. Kuna mzazi anayeweza kufungua chumba na kuandika mahudhurio. Kuna vijana waliomaliza shule wanaosubiri matokeo, miezi inapita wamekaa. Na wapo watoto wako wa kwanza, wale tisa, ambao leo wamekua. Mtoto anayesoma vizuri anaweza kukaa na anayeanza, wakasomeana ukurasa mmoja mmoja, na mara nyingi yule mkubwa ndiye hujifunza zaidi, maana hawezi kufundisha silabi asiyoijua. Mkabidhi Kifutio watoto wawili wadogo uone.

Hatari yake nayo niiseme. Watu wapya wakija na kuondoka kila mwezi, watoto ndio huumia. Mtoto anamzoea mtu, mtu hayupo. Anamzoea mwingine, naye hayupo. Mwishowe anaacha kuzoea mtu. Kwa hiyo atakayekuja aambiwe wazi kwamba ni afadhali aahidi Jumamosi moja kwa mwezi na aitimize, kuliko kuahidi zote kisha apotee. Na asiachwe mtu mgeni peke yake na watoto chumbani, hata awe mchangamfu namna gani. Wawe wawili daima, na mlango wazi.

Sasa mama yako. Umelisikia neno lake kama katazo. Lisikilize tena: "Yetu inazimika." Umeniambia mwenyewe kwamba kila jioni anavuka kwenda kumgeuza mgonjwa asiye wake. Kwa ule mwongozo niliokutajia, huyo ni mtu wa kujitolea kamili, ila hajawahi kuvaa fulana yake. Kwa hiyo sidhani kama unagombana na mtu asiyejua maana ya kutoa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na mama yako moyo anao. Huenda anachokiogopa ni kingine: kwamba kaka yako atachoka, kwamba wewe utafika miaka 30 ukiwa na vyeti na picha bila pa kukaa, au kwamba yeye mwenyewe anazeeka na hajaona nani atamgeuza siku yake ikifika. Mimi sijui. Wewe unaweza kumuuliza. Si kwa kujitetea wala kwa kumkumbusha habari ya yule jirani kana kwamba umemnasa. Jioni moja fuatana naye huko, umsaidie kukunjua mashuka, na mkiwa njiani kurudi umuulize, "Mama, ni nini hasa unachokihofia kwangu?" Kisha unyamaze, umwache aseme.

Na kaka yako? Umesema unamwona anachoka. Umemuuliza anaweza kukuvumilia muda gani, kwa miezi? Huenda jibu lake ni miezi miwili, huenda ni minane. Ukijua hivyo, mashauri yatabadilika.

Tuitazame basi kazi ya mauzo. Faida yake unaijua, mshahara na utulivu wa nyumbani, na mimi sioni aibu yoyote katika kijana kutaka kupunguza mzigo wa kaka yake. Huko nako ni kutumikia watu wako. Hasara yake ni kwamba siku sita zinachosha, na huenda ukafika mwaka mmoja ukajikuta una uchungu na kazi yenyewe, na kaka, na mama, kwa kitu ambacho hukukiaga vizuri. Lakini je, umewahi kuuliza kama Jumamosi ni ya kutwa? Kama kuna zamu? Huyo ni rafiki wa kaka yako. Swali la adabu kabla ya kuanza haliharibu kitu, na likikataliwa hujapoteza. Jumatano jioni pia inaweza kubaki. Siku moja yenye uhakika kwa mtoto ina nguvu kuliko mbili anazozisubiri akiwa na wasiwasi.

Hata ukakosa siku zote mbili, nisingependa uniambie "ndiyo basi tena." Sisi tumezoea kuona kujitolea kuna umbo moja, la mtu anayejimaliza. Kuna huduma zinazotoshea katika maisha yenye shughuli. Kijana mzima wa afya mwenye miaka 18 na kuendelea na uzito wa angalau kilo 50 kwa kawaida anaweza kutoa damu. Katika nchi nyingi huchukuliwa kama mililita 450, sindano huwa mkononi dakika chache tu, kisha anasubiri miezi kadhaa kabla ya kutoa tena, na mama anayevuja damu wakati wa kujifungua hataulizia una kazi ya siku ngapi kwa wiki. Kijana mwingine hukaa usiku na kompyuta akichora barabara na nyumba kutoka picha za setilaiti kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004. Tetemeko lilipoipiga Haiti mwezi Januari 2010, watu waliokuwa makwao, maelfu ya kilomita kutoka pale, walichora mitaa ya Port-au-Prince kwa siku chache na waokoaji wakaitumia. Mwingine anajifunza huduma ya kwanza, basi, anakaa na ujuzi wake mpaka siku mtu atakapoanguka mbele yake. Wewe mwenyewe unaweza kuwa mtu wa kuwafunza walimu wapya wa kikundi, mara moja kwa mwezi, maana kwa miaka mitatu umejua namna ya kumtoa mtoto kwenye herufi mpaka kwenye neno. Ujuzi huo, kwa njia, uuandike kwenye wasifu wako wa kazi kwa maneno kamili: umeongoza kikundi, umetunza mahudhurio, umezungumza na wazazi, umetafuta chumba na vifaa. Usiuite "nilikuwa nyumbani."

Upo pia uwezekano ambao hukuutaja, wa kukataa nafasi zote mbili na kuendelea kutafuta kazi inayokaribiana na unachokipenda, ufundishaji wa watoto wadogo kwa mfano. Huo nao una bei, kwa maana mwisho wa mwezi utapita na kaka atakuwa bado amebeba. Ni kaka na mama wanaoweza kukuambia kama nyumba inaweza kuilipa.

La pongezi nimeliacha makusudi mpaka hapa. Unauliza kama ni moyo au ni sifa. Mwanangu, wengi wetu vimechanganyika, na mtu anayependa kuambiwa "umefanya vizuri" hajawa mnafiki. Ila ulinihadithia mambo mawili yaliyokuliza au kukutia haya, mtoto aliyegusa mlango na watoto waliokaa mlangoni. Katika yote mawili hapakuwa na mtu wa kukupongeza. Mimi ningejipima hapo kabla ya kujipima kwenye simu.

Mwezi haujaisha. Sijakuchagulia njia, na nadhani ungesikitika kama ningefanya hivyo, kwa kuwa mimi sitakuwepo Jumatatu utakapoanza au utakapokataa. Lakini kuna jambo moja lisilongoja uamuzi wowote. Watoto hawajasikia kutoka kwako kwa nini siku ile hukuja. Waambie, kwa maneno machache, kwamba ulichoka na ulipaswa kuwapa taarifa. Halafu muandike pamoja ile karatasi ya mlangoni, mmpe mzee aitunze ndani ya chumba, na umwache Kifutio achague maneno. Niandikie tena, uniambie aliandika nini.